Tela la mwani: kuchagua kiungio cha pikapu yenye bodi fupi

Mradi wenyewe ni tela la kubebea mwani mkavu, litakalovutwa na Hilux dabo kebini kutoka vijiji vya pwani ya Mkinga hadi ghala la shangazi, Ngamiani, Tanga mjini. Tela bado halijaanza kuchomelewa. Hapa naandika habari za kiungio tu, maana kila kipimo cha tela tulichokigusa kimeturudisha kwenye kiungio, na watu wenye pikapu kama yetu ni wengi.

Februari, mwanzo wa mwezi

Mwani mkavu ni mwepesi lakini unakula nafasi. Viroba vikipangwa bodini hadi kupita kimo cha kabini, ekseli haijalemewa bado, ila kamba zimeisha na upepo wa barabara ya Horohoro umeshaanza kuvilegeza. Lori la kukodi lipo, na tumelitumia. Shida yake ni kwamba linataka mzigo wote uwe tayari siku moja. Wakulima wetu, wengi wao akina mama, wanaanika kwa kufuata jua na zamu za maji: huyu anakausha leo, mwenzake mpaka kesho kutwa. Tela unaweza kuliacha kijijini likajazwa pole pole, pikapu ikarudi mjini kufanya kazi nyingine.

Kwa hiyo kiungio hiki kitafungwa na kufunguliwa kila safari, kwenye mchanga, mara nyingi jioni. Nataka kiwe kitu ambacho mtu akiinama na tochi anaona kwa macho yake kama kimefunga.

Kwa nini kisiwe cha kawaida, cha mpira (tufe la chuma la kuvutia tela) nyuma ya bampa? Kwa sababu ya urefu wa tela. Tunataka jukwaa la mita 5, na viroba vinavyosimama juu vinashika upepo. Mpira wa bampani uko zaidi ya mita moja nyuma ya ekseli, kwa hiyo kila tela linapoyumba linaikamata pikapu mkiani na kuisukuma kushoto na kulia. Kiungio kilicho ndani ya bodi, juu ya ekseli, hakina mkono mrefu wa kusukumia. Ni mpango ule ule wa semi zinazobeba saruji kutoka Pongwe: sahani juu ya gari, kingipini (pini nene ya chuma) chini ya tela, taya za sahani zinazoikumbatia kingipini.

Februari, mzani

Kabla ya kuulizia bei tulikwenda kupima. Tangi limejaa, bodi imefagiliwa. Ukitoa uzito wa pikapu tupu kwenye uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha gari, zinabaki kilo 860. Ndani ya hizo 860 kila kitu kinatakiwa kitoshe: watu, kiungio, na sehemu ya tela inayoegemea kiungio.

Tela tumelipangia kilo 850 likiwa tupu, na kilo 1,300 za mwani. Jumla 2,150. Kwa tela la nyuma ya bampa, mpini, yaani mkono wa mbele wa tela unaoshika kiungio, kwa kawaida unakaliwa na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Kwa tela linalokaa ndani ya bodi ni asilimia 15 hadi 25. Ukishusha chini ya hapo kwa kusogeza matairi ya tela mbele, pikapu inapumua lakini tela linaanza kucheza. Tumechukua 20, ambayo ni kilo 430.

Sasa toa: 430 za tela, 225 za watu watatu, 75 tulizotenga kwa sahani na boriti zake. Zinabaki 130. Inatosha, lakini haitoshi kwa mtu wa nne mwenye mizigo, wala kwa kiungio cha chuma kizito. Sahani ya semi yenyewe, ile ya lori, ina uzito wa kilo mia na zaidi kabla hujaweka hata bolti. Imeondoka kwenye orodha hapo hapo.

Gereji moja walitushauri tuongeze majani ya springi ili "ibebe zaidi". Nataka niliseme hili wazi kwa sababu nalisikia kila mahali: jani la springi linainua mkia wa gari, basi. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile, na kibao hakibadiliki. Pikapu iliyonyooka mgongo huku imezidishiwa mzigo ni hatari kuliko iliyoinama, kwa sababu iliyoinama angalau inakuonyesha.

Februari, futi kamba

Hapa ndipo mradi ulipobadilika sura.

Anayeulizia kiungio huulizwa tani ngapi. Swali hilo kwetu halina kazi. Hata kiungio kidogo cha sahani kinachouzwa kwa pikapu za Marekani kimeandikwa pauni 16,000, yaani zaidi ya kilo 7,200, na tela letu likijaa halifiki theluthi ya hapo. Swali letu ni la sentimita: tela likikata kona, pembe yake ya mbele itapita wapi?

Vipimo vya pikapu yetu ni hivi. Bodi kwa ndani ina urefu wa mita 1.52. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 3,085. Na ekseli ya nyuma haiko katikati ya bodi kama jicho linavyodhani. Iko karibu na kabini. Kutoka usawa wa ekseli hadi ukuta wa mbele wa bodi ni sentimita 45, na nafasi ya kufikia kabini ni 5. Jumla 50.

Tela tulilichora upana wa mita 2.10. Nusu yake ni sentimita 105. Kiungio kikikaa juu ya ekseli, tela likigeuka pembe mraba, ubavu wake unataka sentimita 105 mbele ya kingipini, na mimi ninazo 50. Zilizobaki 55 ziko ndani ya kioo cha nyuma, mahali wanapokaa abiria.

Pembe mraba kwetu ni jambo la kila siku. Ngamiani imekatwa kwa barabara za namba zinazopishana mraba, na geti la ghala liko ubavuni mwa mtaa. Hakuna pa kuzungukia.

Februari, mwisho wa mwezi: njia tulizozipima

Kurudisha kiungio nyuma ya ekseli. Ndilo wazo la kwanza la kila mtu. Ili tupate zile 105 na nafasi ya 10 juu yake, kingipini ingekaa sentimita 65 nyuma ya ekseli. Hesabu yake ni rahisi: kilo 430 mara 0.65, gawa kwa 3.085, unapata karibu kilo 90. Hizo ni kilo zinazonyanyuliwa kutoka matairi ya mbele na kuongezwa nyuma, juu ya 430 zilizopo tayari. Matairi ya mbele ndiyo yanayogeuza gari na ndiyo yenye breki kubwa. Barabara ikilowa, au kwenye kichanga cha kuingilia kijijini, unazihitaji hizo 90 pale mbele. Kanuni inayofuatwa na watengenezaji ni kingipini kukaa juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kama sentimita 5. Sisi tunabaki juu ya ekseli.

Kiungio cha kuteleza. Hiki ndicho kinachopendekezwa zaidi kwa bodi fupi, na ni kitu kilichofikiriwa vizuri. Barabarani kinakaa juu ya ekseli. Ukitaka kukata kona kali kinarudi nyuma kwenye reli, halafu kinasogea tena mbele. Vipo vya mkono: unasimama, unavuta wenzo, unashika breki za tela, unasogeza gari mbele mpaka kifunge. Vipo vinavyojisogeza vyenyewe kadiri tela linavyogeuka, ila hivyo ni vizito zaidi. Wengi wetu tumeishia kusoma hapo na kuagiza.

Lakini "bodi fupi" ya huko siyo ya kwetu. Bodi fupi ya Marekani ni futi 5 na nusu hadi 6 na nusu, na hiyo ya 6 na nusu ni karibu mita 2. Ekseli yake iko karibu mita moja kutoka kabini. Ukiipa sentimita 30 za kuteleza, imeshapona. Mimi nikiongeza 30 juu ya 50 nina 80, na tela linataka 105. Nitakuwa nimenunua kitu cha gharama, chenye uzito, na kioo kitavunjika vile vile.

Kuna na jambo la chumvi. Mwani mkavu unatoa vumbi la chumvi na mchanga, linaingia kila upenyo. Reli yenye grisi, kwenye hali hiyo, itakuwa msasa ndani ya mwezi. Kiungio cha mkono kisichoteleza siku unayokihitaji hakina maana.

Kichwa cha tela kinachozunguka. Hapa kinachobadilika ni tela, siyo pikapu. Kampuni ya Reese wana kichwa kinachoitwa Sidewinder: kingipini inakaa juu ya ekseli na inazuiwa isigeuke kwa kabari, halafu mzunguko unafanyika kwenye kiungo kingine kilicho kama sentimita 56 nyuma yake. Uzito unabaki mahali pake, mzunguko unarudi nyuma. Nililipenda wazo hili kuliko yote. Hamsini na 56 ni 106. Tela linataka 105. Sentimita moja ya usalama, barabarani pana matuta, siwezi kuiwekea kioo wala watu.

Lakini ndilo wazo lililotufungua macho. Watu wanaohangaika na reli na vichwa vinavyozunguka wana matela yaliyokwishatengenezwa kiwandani, yenye kifua kipana na bapa. Hawawezi kuyakata. Letu liko kwenye karatasi.

Machi, shingo

Tumekaa na fundi wa kuchomelea tukachora upya. Sehemu ya tela inayoingia juu ya bodi haitakuwa jukwaa tena. Itakuwa shingo nyembamba, upana sentimita 60, na pua yake inatangulia kingipini kwa sentimita 25 tu. Pembe ya pua ndiyo inayofika mbali kuliko yote: 25 mbele na 30 pembeni, kipeo chake ni sentimita 39 kutoka kingipini. Kabini iko 50. Zinabaki 11 upande wowote utakaogeukia, bila reli na bila dereva kushuka.

Jukwaa lenye upana wote wa 2.10 linaanza wapi? Hili nalo lina kipimo chake, na wengi wanalisahau kwa kuwa wanatazama kabini peke yake. Tela likigeuka, pembe ya bampa ya nyuma ya pikapu nayo inachora duara. Bampa iko sentimita 125 nyuma ya ekseli, nusu ya upana wa gari ni 90, kwa hiyo pembe iko sentimita 154 kutoka kingipini. Jukwaa tumelianzishia sentimita 170. Pembe ya bampa inapita na nafasi ya 16.

Tumepoteza mita moja na kitu ya kupangia viroba, ile ambayo ingekuwa juu ya bodi. Shangazi aliliuliza hilo kwanza. Alipoona mchoro akasema, "Mwanangu, viroba nitavipanga mkiani. Kioo hicho nyuma yake wanakaa watoto." Hatukulijadili tena.

Kimo nacho. Kuta za bodi zina sentimita 48. Tumbo la shingo litakaa 65 kutoka sakafu ya bodi, yaani 17 juu ya kuta, ili pikapu ikishuka mfereji wa kuingia kijijini na tela likiwa bado juu, shingo isikalie ukuta wa bodi. Sahani itakuwa kimo cha 40, na kichwa cha kingipini kinashuka kutoka shingoni kuifuata. Kwa kuwa 40 ni chini ya 48, mlango wa nyuma wa bodi lazima ulazwe kabla ya kurudi kinyume kufunga tela, kisha ufungwe. Nimeliandika hilo kwa rangi ndani ya mlango wenyewe.

Machi, sahani au mpira

Baada ya shingo kuwa nyembamba, swali jipya likaja: kwa nini tusitumie mpira mkubwa wa ndani ya bodi badala ya sahani? Ni mwepesi, unakunja pande zote vizuri kwenye mashimo, na ukiutoa bodi inabaki tupu. Kwa tela la shamba ni kitu kizuri na simbishii anayeutumia. Ila mpira wa kazi hiyo ni wa inchi 2 na robo na ushee, karibu milimita 59. Mpira unaopatikana kirahisi madukani kwetu ni wa milimita 50, uliokusudiwa kukaa nyuma ya bampa na kubebeshwa uzito mdogo wa mpini. Najua kabisa kitakachotokea: siku mkubwa utakapopotea, mtu atafunga wa 50, na kilo 430 zitakaa juu ya kitu kisichokusudiwa.

Kingipini ya inchi 2, kwa upande mwingine, ni ile ile ya semi. Tanga ni mji wa bandari, saruji na mkonge. Kingipini, pini za usalama na mafundi wanaozijua haviko mbali.

Mshindani wa kweli alikuwa kiungio cha alumini cha kampuni ya Andersen, ambacho kina uzito wa kilo 16 hadi 18 hivi. Mtu mmoja anakiinua kwa mikono. Kwa hesabu yetu ya kilo 130 zilizobaki, hilo linavutia sana. Kilichonizuia ni chumvi tena: alumini ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na boriti zetu ni za chuma. Ningekuwa navuta mbao Korogwe ningekichukua.

Tumechagua sahani ndogo isiyoteleza, inayoinama mbele na nyuma na pia kushoto na kulia. Kuinama kwa pande nne ni lazima kwetu, kwa sababu kwenye njia za minazi tairi moja la tela linaweza kuwa kwenye shina na jingine shimoni. Sahani inayoinama mbele na nyuma peke yake ingepeleka msokoto wote huo kwenye boriti za pikapu. Juu ya sahani hatutapaka grisi. Tunaweka bamba la plastiki ngumu linalovalishwa kwenye kingipini, ili mchanga usipate pa kunata.

Machi, kwa fundi wa semi

Nilikwenda kumwona mzee mmoja aliyezeekea kwenye semi, nikiwa na mchoro.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete nione." Aliuangalia mchoro kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye sahani. "Mtu anakuambia nimesikia mlio, imefunga. Usikubali. Mlio unaweza kusikika na kingipini imekaa juu ya taya. Ingia chini na tochi."

Alichokuwa anakieleza ni hiki: tela likiwa limeinuliwa juu mno wakati wa kufunga, kingipini inaingia juu ya taya badala ya katikati yake. Inaonekana imeingia. Ukifika kwenye tuta la kwanza, inaruka. Kwa hiyo utaratibu wetu, kwa maneno yake, ni tela liwe chini kidogo kuliko sahani, pikapu ikiingia ilinyanyue kidogo. Kusiwe na mwanga kati ya sahani na bamba la tela. Taya zionekane zimefunga nyuma ya kingipini. Pini ya wenzo ichomekwe. Halafu, miguu ya tela ikiwa bado ardhini, breki za tela zishikwe na pikapu ivute mbele taratibu. Isipoachia, ndipo miguu inapandishwa.

Breki zenyewe ameturekebishia. Tulikuwa na nia ya breki za kusukumwa, zile ambazo tela likilisukuma gari mpini unajikunja na kubana breki. Sahani ya namna hii haijikunji, kwa hiyo hazina cha kuzibana. Tunaweka breki za umeme, kidhibiti kando ya usukani, na betri ndogo kwenye shingo yenye waya wa usalama: tela likichomoka, waya unavutika na breki zinashika zenyewe.

Machi, mvua zimeanza

Kazi ya pikapu imeanza. Sakafu ya bodi ni bati, haibebi kitu. Boriti mbili zinapita chini yake kutoka upande hadi upande na kushikwa kwenye chasisi kwa mabano. Nimekataa kuchomelea kwenye chasisi na nimekataa kutoboa mbavu zake za juu na chini, hata baada ya fundi kusema ndivyo wanavyofanya kila siku. Moto wa kuchomelea unaondoa ugumu wa chuma pembeni mwa mshono, na nyufa huanzia hapo. Mabano yanatumia matundu yaliyokuwepo ubavuni mwa chasisi, bolti za daraja 10.9, na nati za kujifunga. Kila tundu limepakwa rangi ya zinki kabla ya bolti kuingia.

Boriti na mabano vimekula kilo 31 kwenye mzani. Sahani na miguu yake imeandikwa 43. Jumla 74, na tulitenga 75.

Kilichobaki: sahani iko njiani kutoka Dar es Salaam. Nyaya za breki zimefika. Boriti zitakazwa tena baada ya safari ya kwanza ya Moa na kurudi, kwa spana ya kipimo, kisha kila mwezi. Kabla ya hapo tutafanya jaribio la kona uwanjani Sahare tela likiwa tupu, mtu mmoja amesimama kila upande na futi kamba, na gari litageuzwa taratibu mpaka pembe mraba huku zile sentimita 11 na 16 zikisomwa kwa sauti. Zikipungua chini ya 8 popote, shingo inarudi kwa fundi. Jumatatu anaanza kukata chaneli.